Kujifunza Kutazama Uzeeni

Utu uzima dawa, twasema, na kwa msemo huo tumemfungia mzee kwenye kazi moja: kutoa ushauri. Anayeanza jambo jipya na mvi zake tunamwonea huruma, au tunampigia makofi ya kumliwaza. Filamu ya Korea Kusini iitwayo Poetry, ya Lee Chang-dong (2010), inanishawishi kwamba tunakosea kote kuwili. Shauku ya uzeeni si kitulizo cha kumsahaulisha mtu kifo; yaweza kuwa ndiyo njia yake ya kuanza kuuona uovu anaokaa nao nyumba moja.

Mija, mhusika mkuu wa filamu hiyo, ana miaka 66, anamlea mjukuu wake, na riziki yake ni kumwogesha mzee aliyepooza. Anajiunga na darasa la ushairi, na huko mwalimu anainua tofaa na kuwauliza wanafunzi kama wamewahi kuliona kweli. Siku zizo hizo anapata habari mbili: ana ugonjwa wa Alzheimer, na mjukuu wake pamoja na wenzake watano walimbaka msichana wa shuleni kwao mpaka akajiua. Akina baba wa wale wenzake wameshapanga la kufanya. Mama wa marehemu apewe won milioni 30, kila nyumba itoe milioni 5, yaishe. Wanazungumza kwa adabu kabisa, kama wanaochangia harusi. Mija anatoka nje kutazama maua.

Atatokea wa kusema kwamba huo ndio ubaya wenyewe wa sanaa: msichana kafa, bibi anahangaika na maua. Hoja hii si nyepesi, maana Mija anapotumwa shambani kwa mama mfiwa anamsifia aprikoti zilizodondoka, anaaga, na ujumbe unamrudia akiwa njiani. Lakini alitumwa nini? Kumlainisha mama apokee pesa. Wale akina baba hawakusahau chochote, na umakini wao wote ulikwenda kwenye hesabu. Ni Mija aliyehudhuria misa ya marehemu, akaichukua picha yake, akaiweka mezani mbele ya mjukuu wakati wa kula. Aliyefundishwa kulitazama tofaa hakuweza tena kutoutazama uso ule.

Na faida gani kujifunza maneno ambayo maradhi yatayafuta? Swali hilo lingekuwa na uzito kama thamani ya kujua ingekuwa katika kuhifadhi tu. Darasa zima, Mija peke yake ndiye aliyeleta shairi, nalo limebeba jina la ubatizo la msichana, Agnes. Sidai kwamba ushairi umemtakasa. Fedha za fidia alizipata kwa yule mzee, kwa njia isiyopendeza. Wala filamu haisemi wazi nani aliyewaita polisi wanaokuja kumchukua mjukuu usiku, ingawa ishara zinamwelekea bibi. Kwa wale akina baba, kesi ilikuwa imekwisha. Milioni 5 zake Mija alikuwa ameshazilipa.