Je, Mbayuwayu ni Mgeni Rumonge?

Kila mwaka, kati ya Machi na Aprili, mbayuwayu hujipanga juu ya nyaya za umeme hapa Rumonge. Siku chache baadaye nyaya hubaki tupu. Ndege hao, wenye uzito wa gramu 20 hivi, wameanza safari ya kuvuka Sahara kwenda Ulaya na Asia, wanakotaga mayai. Huanza kurejea Septemba.

Nilipokuwa mtoto niliwaita wageni. Bibi hakukubali. Wakiondoka husema, "Wamekwenda kwao." Wakirudi husema, "Wamerudi kwao." Mwenyewe alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1972 kukimbia mauaji, akaishi Kigoma hadi 2008. Aliporudi alikuta shamba lake lina michikichi ya mtu mwingine, na watoto waliozaliwa humo.

Basi ni nini kinachompa mtu haki ya kusema "hapa ni kwetu"? Tukisema ni kuzaliwa, watoto wale ni wa Rumonge kuliko mama yangu, aliyezaliwa ukimbizini. Tukisema ni kukaa, bibi alipoteza haki kwa kuokoa roho yake, na aliyemfukuza ameshinda. Mbayuwayu anatuonyesha kwamba kuondoka si kukana: kiumbe mmoja aweza kuwa na kwao kuwili.

Mtu atanipinga kwamba mfano huu ni mwepesi, na ana hoja. Mbayuwayu hurudi bila kumwondoa mtu, maana anga haina hati wala mipaka. Shamba dogo haliko hivyo. Tena yule jirani hakumfukuza bibi; alilima ardhi aliyopewa, akaitolea jasho kwa miaka mingi. Haki ya kurudi haifutwi na miaka, lakini nayo haifuti jasho la asiye na kosa.

Mwishowe waligawana shamba nusu kwa nusu. Wengi waliita hiyo haki. Mimi naona wamekosea neno. Bibi alikuwa na haki ya shamba zima, akaacha nusu ili watoto wa jirani wasilale nje. Hiyo ni zawadi. Tukiiita haki, tunamnyima hata shukrani, na tunajisahaulisha kwamba deni la 1972 bado halijalipwa na waliolisababisha.