Mbeleko na Aliyebebwa: Tuyapimeje Matunzo ya Wazee?

Wasemaji wa Kibemba waishio Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia, wanayo methali isemayo: "Mayo mpapa, naine nkakupapa." Maana yake ni: Mama nibebe mgongoni, nami nitakuja kukubeba. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, hutumika Kiswahili. Na tangu yalipofunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala mwaka 2018, katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge, lugha hizi mbili zimezidi kuwa majirani. Si vibaya, basi, tukiazima methali ya jirani ili itusaidie kulikabili swali hili: tutajuaje kwamba mzee anatunzwa vyema?

Swali hili huulizwa zaidi penye nyumba za wazee. Zambia inazo chache, kama vile Mitanda mjini Ndola, iliyo chini ya Jeshi la Wokovu, na Maramba mjini Livingstone. Huko Unguja wanajulikana sana wazee wa Sebleni na Welezo. Mkaguzi afikapo mahali kama hapo huwa na orodha yake: vitanda vingapi, milo mingapi, sabuni ipo, dawa zipo, maji yanatoka. Hatuidharau orodha hiyo. Mzee asiye na maji hawezi kushiba maneno mazuri. Lakini orodha ina upungufu wake. Sahani ya ugali wa muhogo iliyowekwa mbele ya mzee asiyeona, kisha ikaondolewa ingali imejaa, huandikwa kuwa ni mlo mmoja.

Hapo ndipo methali ya Kibemba inapotufaa. Abebaye mtoto haoni uso wa aliye mgongoni. Aweza kwenda mwendo mzuri, na watu njiani wakamsifu, hali mbeleko inamkata mtoto mapajani. Anayejua mbeleko imekaaje ni yule aliyemo ndani yake. Wahenga wetu nao wamelisema jambo hilo hilo kwa njia nyingine: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo shahidi wa kwanza wa matunzo si mtunzaji, wala si mkaguzi, bali ni mtunzwa mwenyewe.

Huenda msomaji akatupinga kwa methali nyingine ya Kiswahili: mgonjwa haulizwi uji. Je, haituambii kwamba dhaifu hana haja ya kuulizwa? Sisi twaona kwamba methali hii imedhulumiwa na watumiaji wake. Inamhimiza mwenye afya asingoje kuombwa. Haimpi ruhusa ya kumziba mgonjwa kinywa. Uji haukuulizwa, ni kweli. Lakini kama ni wa moto mno, au kama mgonjwa ameshiba, ni nani atakayesema ila yeye? Hata Umoja wa Mataifa, ulipotoa kanuni zake kuhusu wazee mwaka 1991, haukuishia kwenye matunzo. Ulitaja pia uhuru wa kujiamulia, kushiriki katika mambo ya jamii, kujiendeleza na heshima ya utu.

Hata hivyo, kumsikiliza mzee si kazi nyepesi. Anayetegemea mkono wa mwingine huogopa kuuma mkono huo. Akiulizwa mbele ya mtunzaji wake, atajibu, "Twashukuru". Na kushukuru si kutosheka. Wengine akili zimechoka, hata maneno hayaji. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kwa faragha, na kwenda saa ambazo hatukutarajiwa, hasa usiku na wakati wa chakula. Tutazame kama kijiko hungoja kinywa kifunguke. Tusikilize kama mzee huitwa kwa jina lake. Zaidi ya yote, tutazame nini hutokea anaposema, "Sitaki." Palipo na matunzo, neno hilo huzua swali; pasipo na matunzo, huzua adhabu.

Wala tusidhani kwamba nyumba ya jamaa haina haja ya kupimwa. Huko Nchelenge, kama kwetu, wazee walio wengi hutunzwa na watoto na wajukuu. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi husimamishwa ili samaki wazaane, na mifuko ya wavuvi hupungua. Katika miezi kama hiyo ni lazima tutenganishe kupungukiwa na kunyimwa. Nyumba ambamo wote hula kidogo, mzee akiwamo, haikumkosea. Nyumba ambamo mzee ndiye wa kwanza kupunguziwa, au ambamo macho yake mekundu hufanywa ushahidi wa uchawi, imemkosea hata kama ghala limejaa. Sheria ya Zambia ya mwaka 1914 kuhusu uchawi humtia hatiani amwitaye mwenzake mchawi. Lakini sheria haiwezi kukaa jikoni kila jioni.

Limebaki jambo moja. Methali yasema "nami nitakubeba", kana kwamba ni deni la mtoto kwa mama yake tu. Je, yule asiyezaa, au aliyezikwa na vita wanawe wote, atabebwa na nani? Jibu letu ni kwamba hakuna mtu aliyebebwa na mgongo mmoja. Tulipokuwa wadogo tulipokewa na mashangazi, majirani na walimu. Deni letu ni pana kuliko ukoo wetu. Nyumba ya wazee iliyo njema ni njia mojawapo ya jamii kulilipa deni hilo.

Walimu wenzetu, tufundishapo methali hizi darasani, tusiridhike na maana na matumizi. Tumwulize mwanafunzi: nyumbani kwenu, ni lini mara ya mwisho bibi yako aliulizwa apendavyo uji wake?