Mkono Usiotoa Sauti

Katika wote wanaopanda jukwaani, mwongoza okestra peke yake hatoi sauti hata moja. Ana kijiti tu. Basi mamlaka yake yanakaa wapi? Kwetu Kindu swali hili si la anasa, maana tumezoea mkubwa ajulikane kwa kelele: msafara, ving'ora, kipaza sauti.

Armand Diangienda alikuwa rubani. Alipopoteza kazi, akaanzisha mjini Kinshasa, mwaka 1994, Okestra ya Simfonia ya Wakimbanguisti, na muziki alijifundisha mwenyewe. Mwanzoni wapigaji walizidi fidla. Mmoja akimaliza zamu, anampisha mwenzake. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli unashika nafasi yake. Wengi walikuwa wachuuzi na mafundi, waliofika mazoezini wakitoka kutafuta riziki, na mshahara hakuna. Hapo ndipo hoja inaponoga. Gavana anaweza kukukata mshahara. Diangienda hakuwa na cha kukata. Aliyechoka angeweza kujiendea zake.

Watasema ni damu: yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa dini ya Wakimbanguisti, aliyefungwa mwaka 1921 akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Wakoloni wa Kibelgiji waliwahamishia baadhi ya wafuasi wake kwa nguvu hadi Lowa, hapo chini yetu kwa kufuata mto Lualaba. Sikatai, jina kubwa hukusanya watu. Lakini jina halimfundishi mpiga tarumbeta aanze lini.

Wavuvi Wagenya wakipiga kasia kwenye Lualaba, anayeanzisha wimbo naye huimba. Hufuatwa kwa sikio. Mwongoza okestra hufuatwa kwa jicho, na mkono wake sharti uitangulie sauti. Anaonyesha kitu ambacho bado hakipo, na wenzake wanakubali kukileta. Kwangu mimi mamlaka yake ni ridhaa hiyo, nayo huombwa upya kila pigo.

Katika filamu *Kinshasa Symphony* ya mwaka 2010, umeme unakatika Simfonia ya Tisa ya Beethoven ikikaribia mwisho. Gizani kijiti ni mti tu. Kinachobaki ni mazoezi ya jioni nyingi, na kila mmoja kumtegea sikio jirani yake. Je, hapo Diangienda bado anaongoza? Nasema ndiyo, tena kuliko penye mwanga, kwa kuwa kusikilizana huko ndiko alikowafundisha. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimpa uanachama wa heshima. Mimi ningempa kwa ajili ya giza lile: sijui wakubwa wetu wangapi wangekubali kuzimiwa taa.