Mtoto Ahitaji Zaidi ya Mpira

Apitaye Songwa wakati wa jioni, katika wilaya ya Kishapu, huwaona watoto wakicheza mpira wa matambara bila viatu, vumbi likiwafika magotini. Jirani yao ni Mwadui, mahali ambapo John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2021 timu ya Mwadui ilicheza Ligi Kuu, na wachezaji mashuhuri wa Dar es Salaam wakaja kucheza huku. Hata mtoto asiye na daftari aliweza kuwataja mmoja mmoja bila kukosea.

Mapenzi hayo ya watoto si kitu kidogo. Mchezaji hakuyanunua, alipewa bure. Basi twauliza: apendwaye na watoto namna hii adaiwa nini nao?

Wengi hulipa deni hilo kwa siku moja. Huja na mipira na jezi, picha hupigwa, hotuba husemwa, kisha gari huondoka. Hatudharau ukarimu huo. Mbwana Samatta na mwanamuziki Alikiba, walipoanzisha mechi yao ya hisani mwaka 2018 kwa ajili ya kuchangia elimu, walistahili shukrani, na wengine na wafuate. Lakini yatupasa kufikiri pia habari ya siku ya pili, mtoto aamkapo na jezi mpya naye hana chakula wala ada.

Kwa ajili hiyo tutazame ng’ambo ya mpaka, mjini Eldoret, Kenya. Kipchoge Keino, aliyekuwa askari polisi, alishinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na mwaka 1972 akashinda tena huko Munich, katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa na kusifiwa maisha yake yote. Yeye na mkewe Phyllis waliwapokea yatima nyumbani mwao, wakawalisha, wakawasomesha, wakawalea pamoja na watoto wao wa kuwazaa. Kazi ikakua: mwaka 1999 ikafunguliwa shule ya msingi, na mwaka 2009 shule ya sekondari. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilianzisha tuzo mpya kwa ajili ya watu walioutumikia ulimwengu kwa njia ya michezo, na Keino akawa wa kwanza kuipokea. Ilikuwa imepita miaka 48 tangu ushindi wa Mexico.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwakumbusha wakimbiaji wa uwanjani wanaojinyima mengi kwa ajili ya taji linaloharibika. Mbio za Mexico zilikwisha kwa dakika chache. Kumlea yatima huchukua miaka mingi, wala hakuna wa kupiga makofi usiku mtoto anapougua.

Tena tusimsahau mama yule, Phyllis. Mataifa hayakujaa uwanjani ili kumtazama yeye. Lakini bila mlango wake kufunguliwa na chungu chake kuongezwa unga, medali za mumewe zisingemlea yatima hata mmoja. Hapa, wasomaji, ndipo habari hii inapotugusa sisi. Miguu ya Keino ni karama waliyopewa wachache. Mlango na chungu vimo katika kila nyumba ya Kikristu.

Nasi tuna sababu kubwa ya kuamka. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini mwetu, Geita na Kahama zikiwamo: wakiingia mashimoni, wakibeba mawe, wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Je, mpira mpya wamtoa mtoto shimoni? Hasha! Humtoa mtu mzima aonaye kwamba leo hakufika darasani, akafunga safari kwenda kumwuliza mama yake sababu.

Bwana wetu, mitume walipobishana nani aliye mkubwa, alimtwaa mtoto akamsimamisha katikati yao. Hakumtwaa ili awapambe. Alimtwaa ili wajipime naye.

Basi, kwenu wachezaji twasema: chagueni shule moja, hata ya kijijini mlikozaliwa, mrudi kila mwaka, mwajue watoto kwa majina kama wao wanavyowajua ninyi. Na kwetu sisi wazazi: tusikae kando ya njia tukingoja gari la mgeni mashuhuri. Jumapili hii, baada ya Misa, kila familia na imtafute mtoto mmoja wa jirani ambaye shule imeanza kumponyoka. Imwulize amekula nini, daftari lake liko wapi, na nani humngoja jioni. Kisha Jumatatu iulize tena, na Jumatatu ifuatayo. Mungu aliyetupa watoto hawa atatuuliza habari zao mmoja mmoja, kwa majina.