Kinywa cha Mtu na Akili Yake

Mtu akivuka Mto Thuci kutoka Embu kwenda Chuka, huyakuta mashamba yale yale ya kahawa na chai, lakini usemi umebadilika. Kiembu, Kimbeere, Kichuka, Kitharaka na Kimeru ni lugha za ukoo mmoja, na kila moja huacha alama yake katika Kiswahili cha wasemaji wake. Wengi wetu huchanganya l na r. Jambo hilo dogo limewapa wachekeshaji riziki, na wanafunzi wengi limewapa aibu. Kwa hiyo yafaa tujiulize: mwandishi anapomleta mchuuzi wa miraa wa Maua katika riwaya, je, ayaandike maneno yake jinsi yatokavyo kinywani, au ayasafishe kwanza?

Wasemao ayasafishe wana hoja yenye uzito. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Usanifu huo ni daraja lililowakutanisha watu wa Lamu, Meru na Kigoma katika kitabu kimoja. Lakini daraja ni la kuvukia, si la kujengea nyumba. Riwaya ambayo mvuvi, hakimu na mtoto husema wote kama kitabu cha sarufi haituonyeshi watu, hutuonyesha karatasi.

Mmarekani Mark Twain aliliona hilo. Riwaya yake ya Huckleberry Finn ilitolewa London mwaka 1884, na Marekani mwaka 1885. Msimulizi wake ni mvulana fukara asiye na malezi, naye husimulia kwa lugha yake mwenyewe ya kishamba. Wenye maktaba ya mji wa Concord waliikataa mwaka ule ule wa 1885, kwa kuwa waliiona haina adabu. Hata hivyo, ni katika lugha hiyo duni mvulana yule anaamua kutomsaliti Jim, mtumwa mtoro, ingawa wakubwa wake wenye maneno mazuri walimfundisha kwamba kumsaidia mtoro ni dhambi. Hapa usemi safi ulikuwa upande wa dhuluma, na usemi mchafu upande wa haki.

Lakini tusiharakishe kusifu. Jim naye ameandikiwa lahaja nzito, na mwaka 1958 Ralph Ellison, mwandishi Mwamerika Mweusi, alionyesha kwamba Twain alimvika Jim barakoa ya vichekesho vilivyowadhihaki watu Weusi. Utu wake twauona ukijitokeza nyuma ya barakoa hiyo. Ellison alisema kweli. Wakati mwingine Jim huchekwa tu. Wakati mwingine husimulia, kwa lahaja ile ile, jinsi alivyompiga bintiye mdogo kwa kutotii, kisha akagundua kwamba ugonjwa ulikuwa umemfanya kiziwi. Msomaji asikiaye majuto hayo hakumbuki tena matamshi.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Shafi Adam Shafi aliandika Vuta N'kuvute, iliyotolewa mwaka 1999. Jina lenyewe limekatwa kama watu wa Unguja wanavyolikata wasemapo. Humo Yasmin, msichana Mhindi aliyeozwa mzee, anakimbia ndoa. Jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini. Usemi wa Unguja katika kitabu hicho si pambo la kuchekesha. Ndiyo hewa wanayovuta watu wake wote, wema na wabaya.

Basi kipimo ni hiki. Ondoa matamshi ya mhusika, kisha utazame kilichobaki. Kikibaki kicheko kitupu, mwandishi ameiba sauti ya mtu akamwacha mtu mwenyewe nje. Ikibaki fikira, huzuni au uamuzi, amemtendea haki. Tena kalamu iwe na mizani moja: ikiwa matamshi ya mchuuzi yamepindishwa katika tahajia, na ya tajiri wa mjini yamenyooshwa ilhali naye ana lafudhi yake, hiyo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi kusikizwa.

Msomaji kijana, jifunze Kiswahili Sanifu kwa bidii, maana ni mali yako. Lakini ukiandika habari za bibi yako wa Tharaka, mpe maneno yake, na pamoja na maneno hayo umpe akili aliyokulea nayo.