Moto wa Jirani ni Juu ya Nani?

Liko suali ambalo wengi wetu hulipita mbio, kwa kudhani kwamba jawabu lake limekwisha kupatikana: moto ukishika katika mali ya mtu, ni juu ya nani kuuzima? Mmoja atasema ni juu ya mwenye mali. Wa pili atasema ni juu ya Serikali, kwani ndiyo itozayo kodi. Wa tatu atasema kwamba anayekwenda kusaidia hufanya hisani tu. Akipenda huenda, na asipopenda hana lawama. Sisi twaona majawabu haya yote matatu yana upungufu, na tutaueleza kwa mfano wa nchi isiyo mbali nasi, nayo ni Kajiado.

Kaunti ya Kajiado ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 21,000, na katika hesabu ya 2019 ilikuwa na watu 1,117,840. Kaskazini yake uko mji wa Kitengela, wenye watu zaidi ya 150,000, uliokaribiana na Athi River ya Kaunti ya Machakos na mbuga ya Nairobi. Kusini ziko Namanga na Loitokitok, mpakani mwa Tanzania. Baina ya ncha hizi ni nyika, maboma na malisho. Mvua ikinyesha majani hurefuka, na kiangazi kikija hukauka. Hapo cheche moja ya jiko au ya sigara, ikisaidiwa na upepo, hutosha kula malisho ya mwaka mzima, na pamoja nayo nyumba na ndama. Gari la zimamoto likitoka mjini, hata dereva wake awe hodari namna gani, njia ni ndefu, na pengine hapana njia kabisa. Basi saa ya kwanza ya moto si ya Serikali wala si ya mwenye mali aliyesafiri. Ni ya yule aliye karibu.

Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imeiweka kazi ya kuzima moto katika majukumu ya kaunti, na raia anayo haki ya kuidai. Lakini kudai haki ni jambo moja na kutimiza wajibu ni jambo jingine. Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba ziko faradhi za kila mtu peke yake, na ziko faradhi za kutosheleza: wakizitimiza watu wa kutosha, wengine huondokewa na deni, na zikiachwa, deni hubaki juu ya wote. Neno la kuangaliwa hapa ni hilo la kutosha. Kuwapo kwa askari wachache wa zimamoto mjini hakuwaondolei deni watu wa shamba, ikiwa askari hao hawawezi kufika. Na kadiri mtu anavyokuwa karibu na mwenye uwezo zaidi, ndivyo deni linavyomwelekea yeye kuliko wenziwe.

Hapa huenda mtu akapinga, na hoja yake si ya kudharauliwa: watu wakijitolea, Serikali italala, na maskini atafanya bure kazi ambayo wengine wanalipwa mishahara. Khatari hiyo ipo. Lakini dawa yake si kuiacha nyumba ya jirani iungue ili kaunti ipate kuaibika. Dawa yake ni kuuzima moto leo, na kesho kwenda kudai maji, vifaa na mafunzo. Tena mwenye kudai hali mikono yake ina masizi husikilizwa zaidi kuliko aliyekuwa akitazama kwa mbali.

Wako pia wasemao kwamba wajibu huishia mpakani. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, ambayo ndiyo yaliyoupimia utawala wa Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi hapa pwani. Mstari ule uliwagawa Wamasai pande mbili, na ukaupinda mlima Kilimanjaro ukauacha kusini. Lakini maji hayakuujua mstari huo. Chemchemi ya Nolturesh, karibu na Loitokitok, hulishwa na mlima ule, na bomba lake lilijengwa ili kupeleka maji Kajiado, Machakos na Athi River. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliposhika moto, mamia ya watu, wakiwamo wanakijiji na wanafunzi, walipanda kuupiga; na Oktoba 2022 ukawaka tena. Je, waliokuwa wakiuzima walikuwa wakiilinda Tanzania peke yake?

Wala sisi wa Mombasa tusijione tuko mbali. Sehemu ya maji tunayoyanywa hutoka chemchemi za Mzima, na maji ya Mzima ni mvua iliyonyonywa na vilima vya Chyulu, vilivyo baina ya Kajiado na Makueni, ambavyo majani yake huwaka mara kwa mara wakati wa kiangazi. Anayezima moto kule hutulindia mitungi yetu, na pengine hajapata kuiona bahari. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na hapa hata hayo maji ya kutia yatoka kwake.

Lakini nia njema peke yake haitoshi. Watu husema dawa ya moto ni moto, na katika nyika maneno haya ni kweli kabisa: mjuzi huchoma ukanda wa majani mbele ya moto, ili ukifika usikute cha kula. Asiyejua akijaribu hivyo, upepo ukageuka, atakuwa ameongeza moto wa pili. Kwa hiyo kujitolea kunataka elimu. Nchi ya Poland ina vikosi vya zimamoto vya kujitolea zaidi ya 15,000, na shirika lake la misaada, PCPM, limepata kutuma walimu kuwafundisha wazima moto wa Kenya. Elimu ya namna hii si aibu kuipokea. Aibu ni kuipokea kisha kuiacha ofisini isifike bomani.

Kunataka pia mapatano yaliyofanywa kabla ya moshi kuonekana. Ibara ya 189 ya Katiba inaziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja; basi Kajiado, Machakos na Nairobi hazina udhuru. Na huko Namanga, tangu Desemba 2018, kipo kituo kimoja cha pamoja cha kupitishia watu na mizigo ya nchi mbili. Ikiwa lori la bidhaa limetengenezewa njia, itakuwaje wazima moto wasitengenezewe? Yaandikwe mapema: nani amwite nani, nani atoe amri, mipira ya maji ya pande mbili ioane vipi, na lililo kubwa kuliko yote, aliyeungua akizima moto wa wenziwe atibiwe na nani, na watoto wake walishwe na nani.

Jambo hili la mwisho ndilo kipimo cha uungwana wetu. Ni rahisi kumsifu aliyejitolea. Ni vizito kumgharimia. Mji unaomshangilia mzima moto usiku, kisha ukamwacha asubuhi na majeraha yake, umechukua hisani ya mtu na kukataa deni.

Nasi wenye mapaa ya makuti na vichochoro visivyopitika kwa gari, tusingoje mfano huu utufikie kwa njia ya majivu. Kila mtaa na ujue ndoo zake za mchanga ziko wapi, na vijana wake wafunzwe. Mwenye kujua awafunze, mwenye mali atoe, na asiyekuwa na haya mawili alete mikono yake.