Mtawala Huondoka, Mazoea Hubaki

Tarehe 30 Desemba 2002, umati ulifurika Uhuru Park jijini Nairobi. Mwai Kibaki alikula kiapo akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na Daniel arap Moi akang'atuka baada ya miaka 24 ya kutawala. Muda mfupi baadaye, vyumba vya mateso vilivyokuwa chini ya jengo la Nyayo House vilifunguliwa ili umma uvione. Raia wa kawaida wakaanza kuwakemea hadharani polisi waliodai hongo. Wakenya waliamini kwamba udikteta umezikwa.

Miaka mitano baadaye, nchi hiyo hiyo ikawaka moto. Baada ya uchaguzi wa 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao.

Nimetafakari sana kilichotokea katikati, na jibu langu ni hili: aliyeondoka ni mtu, mazoea yakabaki. Ahadi ya katiba mpya ndani ya siku 100 haikutimizwa, kwa kuwa walioingia ikulu waliyaona matamu mamlaka yale yale waliyoyalaani wakiwa upinzani. Mwaka 1997 vyama vilikuwa vimeafikiana kushauriana katika kuwateua makamishna wa uchaguzi. Ilipofika 2007, rais aliwateua bila kuushauri upinzani. Ule mwafaka haukuwa sheria. Ulitegemea uungwana, na uungwana huo haukuwa umeota mizizi.

Sisi raia nasi tulikuwa na urithi wetu. Katika kura ya mlolongo ya 1988, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea machoni pa watawala, na mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi. Elimu ya namna hiyo haifutiki kwa kiapo cha siku moja. Ilitufundisha kwamba serikali ni mali ya aliyeishika, na kwamba kabila lisilokuwa na rais litakula makombo. Ndiyo maana kilio cha "zamu yetu" kilisikika kuliko kilio cha haki.

Hata hivyo, taasisi zinaweza kukomaa. Chini ya Katiba ya 2010, Mahakama ya Juu ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Rais Uhuru Kenyatta aliitii hukumu, ingawa aliwaita majaji wakora.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana, wengi wao wakiwa hawana kumbukumbu ya enzi ya Moi, waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Walipigwa risasi nje ya Bunge, na wengine wakatekwa na watu wasiojulikana. Hapo nililiona jambo moja waziwazi: hofu ilikuwa imekwisha kuwatoka wananchi, lakini tabia ya kutisha haikuwa imezitoka ofisi.

Kwa hiyo tusimsubiri kiongozi mwema. Tumdai polisi, chifu, karani wa uchaguzi na hakimu, kila mmoja mahali pake, aitii sheria hata mkubwa wake asipopenda. Na siku mtu wa kabila letu atakapokuwa ikulu, tumdai kwa ukali ule ule. Demokrasia itakomaa siku tutakapowabana wetu kama tunavyowabana wao.